Bi Mizani, Aliyeshukuriwa Mara Hamsini na Saba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanachuo mliokuja na tai zenu mkajaza safu tatu za mbele: aliyelala hapa ni dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Dada na chuoni mlimwita Bi Mizani. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa kumfuata. Ni fundi cherehani, sikusomea udongo wala kemia, kwa hiyo nikiteleza kwenye utaalamu nisameheni. Nikisema nani alifanya nini, hapo sitelezi, maana ninalo daftari lake mkononi. Tangu Jumanne kila anayekuja kutupa pole ananivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi lile jina lake lilitoka, au ndiyo basi tena?" Nitajibu. Lakini Dada alikuwa mtu wa utaratibu, na wasifu una utaratibu wake, kwa hiyo tuanzie alikoanzia.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mazao. Baba yetu ndiye aliyekuwa mpimaji wa ghala hilo. Dada alipokuwa na miaka saba, mjomba wetu, kaka yake mama kabisa, alileta magunia yake na kumwomba Baba ausogeze mkono wa mizani kidogo tu, kindugu. Baba akamjibu, "Shemeji, karibu chai, karibu chakula, karibu ulale. Lakini mizani haina mjomba." Mjomba alinuna, hakukanyaga kwetu miaka miwili. Dada alikuwa amesimama pale pale, akasikia, na nadhani hakuwahi kusahau.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974. Akiwa kidato cha tatu, kundi lao la watu watano lilipewa kazi ya kuchemsha maji ya chumvi na kuandika ripoti. Dada ndiye aliyeandika. Wenzake waliorodhesha majina yao juu, naye kando ya kila jina akaandika alichofanya mwenyewe: huyu alipima, huyu alichora, huyu alileta kiberiti, na huyu, "alikuwepo." Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Yule aliyekuwepo hakumsemesha Dada muhula mzima. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara Novemba 1978, akiwa wa pili darasani. Alisisitiza niseme wa pili.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya udongo, akapewa chumba namba 9, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, mkabala na stoo ya mafagio. Kilikuwa na dirisha moja, tanuri la kukaushia udongo, makopo ya bati mia mbili yaliyoandikwa namba kwa rangi nyekundu, na mizani iliyokaa juu ya meza ya zege ili isitikisike. Dada akipima, hakuna aliyeruhusiwa kufunga mlango wala kupiga chafya. Mkuu wa chuo aliwahi kufika na wageni wake, akaambiwa asubiri pale mlangoni, na akasubiri. Huyo ndiye dada yangu.

Sasa niwaeleze msiokuwa wa chuoni, kama alivyonieleza mimi nikiwa nimeshika mkasi. Wasomi wakimaliza utafiti huandika makala, na juu ya makala hupanga majina. Wa kwanza ndiye aliyechoka. Wa mwisho ndiye bosi, hata kama utafiti wenyewe kaukuta kwenye karatasi. "Na wa katikati?" nikauliza. Akasema, "Wa katikati wengine wamebeba mzigo, wengine wamepita tu wakasalimia." Aliwahi kuniletea makala ya kurasa mbili na nusu yenye waandishi arobaini na sita. Nikamwuliza kama kila mmoja aliandika sentensi yake. Akanijibu, "Mdogo wangu, ingekuwa hivyo tungeshukuru."

Walikuwepo wahadhiri wawili walioshindwa kukubaliana nani atangulie, wakamalizana kwa michezo mitatu ya drafti juu ya stuli ya chumba namba 9, na yule aliyefungwa hadi leo anadai kuna kete ilisogezwa. Alikuwepo mwingine aliyepongezwa kwenye korido kwa makala ambayo hakujua kwamba yeye ni mwandishi wake. Alikwenda kuisoma, akarudi amekasirika kwa sababu hakukubaliana nayo. Na alikuwepo marehemu mmoja aliyeendelea kutoa makala miaka mitatu baada ya kuzikwa, na nasikia alizidi kuwa na bidii.

Bingwa wao alikuwa mkuu wa idara wa wakati huo. Wanafunzi walimbatiza Profesa Mwisho, kwa kuwa kila makala iliyotoka katika jengo lile, hata ingekuwa ya mende wa stoo, jina lake lilifunga orodha. Yupo hapa leo, safu ya pili, na ameniruhusu niyaseme haya. Sikumwambia nitasema kiasi gani.

Ugomvi wa majina ulipopamba moto, wote walikimbilia kwa Dada. Alikuwa na daftari hili la jalada la kijani, na kila utafiti ulikuwa na kurasa zake: tarehe, kazi, na aliyeifanya. Akilifungua, maneno yalikwisha. "Tarehe sita ulikuwa harusini. Tarehe saba ulituma salamu kwamba kichwa kinauma. Tarehe nane ulikuja, ukashika koleo dakika kumi, ukapigwa picha." Mtu akitoka pale alikuwa anajua nafasi yake. Ndivyo Dada alivyowapangia wenzake majina kwa miaka yote hiyo, na la kwake halikuwemo hata mara moja.

Halikuwemo kwa sababu ya desturi. Mafundi hawakuandikwa, mafundi walishukuriwa. Makala ikiisha, chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, palikuwa na shukrani, na humo ndimo walimoweka jina lake. Nimehesabu mwenyewe: mara hamsini na saba. Mara tatu walikosea cheo chake, na mara moja walimshukuru katika sentensi moja na tanuri. Mimi iliniuma, na nilimwambia. Yeye alikuwa akicheka na kusema kazi ni kazi. Lakini siku moja nilimkuta sebuleni kwake amefungua jarida, anapitisha kidole polepole juu ya majina ya waandishi, wa kwanza hadi wa mwisho, kama anayetafuta mtu. Aliponiona akalifunga, akaniuliza kama nimekula. Hapo nikajua kwamba alilitaka jina lile, na alilitaka sana.

Ndoa yake aliipata kwa sababu ya nukta. Mwaka 1983 makala moja ilichapwa vibaya, kumi na saba nukta nne ikawa moja nukta saba nne. Dada alivua koti la maabara, akaenda karakana ya uchapaji ya chuo, akauliza nani ameihamisha nukta yake. Kijana mmoja mrefu, mwenye wino hadi kwenye viwiko, akasema, "Ni mimi, dada, na niko tayari kuirudisha." Akairudisha. Baada ya hapo akawa anafika chumba namba 9 kila Ijumaa kuuliza kama kuna nukta nyingine iliyopotea. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984. Gauni nililishona mimi, na alinifumulisha pindo mara mbili kwa sababu upande mmoja ulizidi kwa upana wa uzi.

Shemeji ananiangalia, anajua kinachofuata. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1987 na mtoto wa kiume mwaka 1991. Dada akiwa ndiyo kwanza amemaliza likizo ya uzazi wa huyo wa pili, shemeji alipewa makala ya maabara ile ile achape nakala mia tatu. Akaitazama orodha ya waandishi sita, akaona wanne kati yao hajawahi kuwaona hata na vumbi kwenye viatu. Uchungu wa mume ukampanda. Akazipanga herufi za jina la mkewe, akalichomeka la tatu, akachapa zote, akaja nyumbani na nakala moja aliyoifunga vizuri kama zawadi.

Dada aliisoma mtoto akiwa begani. Nilikuwepo. Akauliza, "Hii kazi ilifanyika lini?"

"Machi hadi Mei," akajibu shemeji.

"Na mimi Machi hadi Mei nilikuwa wapi?"

Shemeji akamwangalia mtoto.

"Sikupima hata kijiko, Baba Watoto. Umenivika kilemba cha ukoka. Kazirudishe karakana, unitoe."

Alizirudisha. Alichapa upya kurasa za mbele mia tatu, peke yake, siku nne mfululizo wakati wenzake wakienda kula mchana. Mimi nilimwona Dada ni mkali kupita kiasi, na siku ile nilimwambia. Lakini jioni alimwandalia mumewe maji ya kuoga mwenyewe, akamwambia, "Siku nikistahili, utaniandika. Na siku hiyo uniandike kwa herufi zinazoonekana." Shemeji alikubali.

Kustahili kwenyewe kulikuwa kumeshaanza, ila hakuna aliyekuona. Kuanzia Januari 1985 Dada alipima udongo wa viwanja kumi na viwili vya shamba la chuo, kila mwezi bila kuacha, ili kujua kama ardhi inayolimwa vile vile mwaka hadi mwaka inachoka. Wahadhiri walikuja na kuondoka. Wafadhili walichoka kabla ya ardhi. Utafiti ulifutwa mara mbili kwenye vikao, na Dada ama hakuambiwa, ama aliambiwa akajifanya kiziwi. Aliendelea hadi Desemba 2015, miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, tarehe 3 Agosti 2016, alikabidhi ufunguo wa chumba namba 9, akabaki na daftari.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Katika kipindi hicho alikuja nyumbani daktari mmoja wa elimu ya udongo, mama mtu mzima, mkuu wa idara wa sasa, ambaye Dada alikuwa bado anamwita "mwanafunzi wangu" kwa sababu alimfundisha kushika kopo. Mwanafunzi alikuwa amezikusanya namba zote za viwanja vile na kuandika makala. Jina la kwanza juu kabisa lilikuwa la Dada. Dada alilitazama muda mrefu, kisha akasema, "Nani mwingine alifanya? Tusimdhulumu mtu."

Kikao kilifanyika sebuleni kwake tarehe 16 Septemba 2023. Profesa Mwisho alialikwa, kwa kuwa utafiti ulianza enzi zake. Alipoona orodha akashtuka. "Fundi atangulie? Bi Mizani, nakuheshimu sana, lakini jambo hilo halijapata kutokea." Dada hakubishana. Alimpa daftari, akamwomba asome kwa sauti.

Akasoma. Miezi mia tatu sabini na miwili. Mia tatu sitini na sita alipima Dada. Sita iliyobaki aliandika wazi: "Nilikuwa uzazini. Alipima mwosha chupa." Na Profesa mwenyewe akajikuta humo, tangu upimaji uanze, mara nne. Ya kwanza: "Profesa alikuja, akauliza maendeleo." Ya pili: "Profesa alikuja, akauliza maendeleo." Ya tatu: "Profesa alikuja na wageni. Hawakushuka garini." Ya nne hakuisoma. Alivua miwani. Na hapa, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mzee huyu alichukua kalamu, akalikata jina lake mwenyewe, akaliandika chini kwenye shukrani.

Dada akamwambia, "Karibu huku, Profesa. Nafasi ipo, nimeikalia miaka mingi." Tulicheka, naye akacheka. Kisha Dada akamfungulia ukurasa wa mwanzo kabisa wa utafiti ule, Novemba 1984, kabla upimaji haujaanza: "Profesa alipima viwanja kwa kamba, siku mbili, juani, peke yake." Akasema, "Hii ni kazi. Rudi juu. Ila utakuwa wa tatu." Basi wa kwanza Dada, wa pili Mwanafunzi, wa tatu Profesa, na wa mwisho, pale panapokaa bosi, akawekwa mzee mwosha chupa wa maabara, kwa miezi yake sita. Profesa aliondoka nyumbani kwetu akiwa amepoteza jina lake la utani, na nadhani alitembea kwa wepesi zaidi.

Jarida liliikubali makala Januari 2024. Fomu ilitaka kila mwandishi aandike mahali pake pa kazi. Dada alikuwa mstaafu wa miaka saba; akaandika, "Chumba namba 9." Hawakuuliza. Mwishoni mwa Februari alilazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, na nakala ya kusahihisha ikamkuta hapo. Ilikuwa na namba elfu nne mia nne sitini na nne. Alizipitia zote, siku sita, akilinganisha na daftari, na kwenye kiwanja cha saba, Juni 1998, akakuta nukta imehama.

Kuirudisha kulimaanisha kusubiri tena. Na daktari wa figo alikuwa ameshatuita pembeni, akatuambia tusihesabu kwa miezi. Ndipo nikamwambia neno ambalo linanichoma hadi saa hii. Nilisema, "Dada, ni namba moja. Nani ataiona? Chukua jina lako upumzike." Akanigeuzia macho, hana hasira, akasema, "Mimi nimeiona." Akamwambia Mwanafunzi airudishe. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwenye ngazi, kwa sababu nilijua amefanya sawa, na nilijua pia anaweza kulikosa. Leo, mbele yenu wote, namwomba radhi.

Nakala iliyosahihishwa ilikuja Jumapili, tarehe 10 Machi. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo shemeji alimsomea ukurasa wenye kiwanja cha saba, taratibu, namba kwa namba. Ilipofika Juni 1998 Dada akainua mkono. "Rudia." Akarudia. "Nukta iko wapi?" Shemeji akasema, "Iko mahali pake, Mama Watoto." Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamshikia simu, akasaini kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba kazi ameifanya, makala ameisoma, na anaikubali. Akaomba maji.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, sote tukiwa pale, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Sasa nijibu swali lenu. Limetoka. Lilitoka juzi Alhamisi, la kwanza, mbele ya wasomi wenye vyeti vya kutandikia ukuta mzima. Kando yake wameweka nyota ndogo, na chini wakaeleza kwamba mwandishi huyu alifariki makala ikiwa tayari kuchapwa. Hakuliona likiwa limechapwa, na hilo litaniuma siku zote. Lakini hakuna namba mbovu chini yake. Profesa ameniambia asubuhi ya leo kwamba katika makala zote alizotia jina, hiyo ndiyo atakayowaonyesha wajukuu.

Dada ameacha mume, mchapaji mstaafu; binti, mpima ardhi, ambaye bila shaka mnajua alikorithi; mtoto wa kiume, mpishi, anayepima unga mara mbili; wajukuu watatu; sisi wadogo zake watatu; na Mwanafunzi wake, ambaye tangu Jumanne analala kwetu na tumeshamhesabu kuwa wa familia.

Limebaki moja. Jana asubuhi tulikaa kuandika wasifu huu, tukaanza kugombana, kama wasomi, jina la nani litangulie kwenye programu. Binti yake akalifungua daftari la kijani ukurasa wa mwisho. Tukakuta maandishi ya penseli: "Kwa ajili ya programu ya mazishi." Tarehe zote za kuzaliwa, shule, kazi na ndoa alikuwa ameshazipanga, ameacha nafasi moja tu wazi. Chini ameandika: "Atasoma mdogo wangu. Asitie chumvi." Ugomvi ukaisha. Binti alijaza tarehe iliyobaki. Mimi niliweka maneno, na chumvi kidogo, anisamehe. Kazi kubwa aliifanya mwenyewe.

Kwa hiyo tazameni ukurasa mlioushika. Shemeji ameuchapa kwa mikono yake, nakala mia tatu, na chini ya wasifu ameorodhesha waandishi. Wa kwanza ni Dada, kwa herufi zinazoonekana. Safari hii amestahili, na hazitarudishwa karakana.

Mungu ampimie pumziko lake, na asimpunje.